Malale, Aseniki na Upofu wa Visiwa vya Sese: Historia Inayokosekana Katika Vitabu vya Manesi

Siku nyingi nimekuwa nikiahidi kuandika kidogo juu ya kazi ninayofanya huku ugenini, na kila nikikaa kuianza naahirisha, kwa sababu naona haina kisa. Nafundisha wanafunzi wa uuguzi misingi ya famakolojia, yaani elimu ya dawa: dawa inaingiaje mwilini, inakwenda wapi, inafanya nini huko, na inatokaje. Huu ni mwaka wa kumi na nane. Ukisema karamuni kwamba unawafundisha manesi kuhesabu miligramu, watu wanageukia habari za mpira.

Leo hata hivyo kisa ninacho, tena ni cha kwetu. Kinaanzia Ziwa Viktoria mwaka 1906, na kwa upande wangu kinapita Urambo mwaka 1984. Mtanivumilia urefu. Na pale nitakapokosa neno la kitaalamu la Kiswahili nitaeleza kwa maneno ya kawaida; wenye maneno bora wanisahihishe.

Mhadhara wangu wa kwanza kila mwaka ni juu ya dozi. Kiarabu kimetupa maneno mawili, dawa na sumu, na sisi Waswahili tukayaweka mbali mbali kana kwamba ni vitu viwili, kimoja cha hospitali na kingine cha panya. Famakolojia inaanza kwa kuyarudisha pamoja. Kitu ni kile kile; kinachobadilika ni kipimo. Vidonge viwili vya paracetamol vya miligramu 500 vinatuliza kichwa, na mtu mzima anaweza kuvirudia hadi gramu 4 kwa siku nzima. Akivinywa ishirini kwa mkupuo, maini yanaweza kufa huku yeye mwenyewe siku ya kwanza akijiona mzima. Kwa hiyo kila dawa ina nafasi fulani kati ya dozi inayoponya na dozi inayodhuru. Dawa nyingine nafasi yake ni pana kama uwanja wa mpira. Nyingine ni nyembamba kama ukuta wa kupita paka, kwa mfano digoxin ya moyo, ambayo nesi hufundishwa asiitoe kabla ya kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, na yakiwa chini ya 60 kwa mtu mzima aizuie kwanza na amwite daktari.

Vitabu vyetu vya kufundishia vikifika hapo huweka kijihistoria cha nusu ukurasa. Anatajwa Paracelsus, aliyeandika mwaka 1538 kwamba kila kitu ni sumu na dozi ndiyo inayoamua. Anatajwa William Withering, daktari Mwingereza aliyetoa kitabu chake juu ya ua la digitalis mwaka 1785, ambamo ndimo zilimotoka dawa za ukoo wa digoxin. Halafu anakuja Paul Ehrlich wa Frankfurt, na "risasi ya ajabu" yake: dawa itakayompiga mdudu wa ugonjwa bila kumgusa mgonjwa. Kisha maswali ya mazoezi. Yote Ulaya. Nami nilifundisha hivyo hivyo miaka na miaka bila kuona kasoro, mimi niliyezaliwa Tabora.

Mwaka mmoja nilikuwa naeleza kwa nini baadhi ya dawa huyeyushwa katika kimiminika kingine na si maji. Nikatoa mfano wa melarsoprol, dawa ya malale, inayoyeyushwa katika propilini glaikoli. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, mama mtu mzima kidogo, mzaliwa wa Maniema kule Kongo, akanyosha mkono. Akasema bibi yake aliichoma dawa hiyo, na kwamba manesi walitumia bomba la sindano la kioo kwa sababu la plastiki lingeyeyuka. Wenzake wakacheka wakidhani anatia chumvi. Baada ya kipindi akanifuata na kuniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mwalimu, ile dawa kwetu tunaijuaka."

Sikumjibu la maana siku ile. Mimi pia nililiona bomba la kioo nikiwa mtoto, nami sikuwahi kulisema darasani. Usiku wake nikaanza kutafuta, na nilichokikuta ni kwamba Ehrlich yule wa kwenye vitabu hawezi kuelezwa vizuri bila kutaja Visiwa vya Sese.

Twende basi Sese. Mwaka 1901 Albert Cook na ndugu yake Jack, madaktari wa misheni ya Mengo, waligundua wagonjwa wa kwanza wa malale katika Buganda. Waliojifunza uuguzi Afrika Mashariki watamjua Cook pia kwa sababu ya mkewe, Katharine Timpson, nesi aliyefika Mengo mwaka 1897 na baadaye akawafundisha wakunga wa Kiganda. Ugonjwa ulifuata mwambao wa ziwa ambako mbung'o hukaa, ukawafyeka wavuvi na wapiga makasia, ukaingia visiwani. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha kwamba anayeusambaza ni mbung'o. Kwa jumla, katika miaka ishirini hivi ya mwanzo wa karne ile, makadirio ya kawaida ya wanahistoria ni kwamba watu wapatao robo milioni walikufa Uganda. Na dawa hapakuwa na hata moja.

Huku Liverpool, mwaka 1905, Thomas na Breinl walitoa habari kwamba dutu moja ya aseniki iitwayo atoksili inawaondoa vimelea vya tripanosoma katika damu ya wanyama. Dutu yenyewe ilikuwa imetengenezwa zamani, mwaka 1859, na mkemia Mfaransa, Antoine Béchamp. Jina la biashara lilikuja baadaye, na maana yake, ndugu zangu, ni "isiyo sumu". Waliipa jina hilo kwa kuilinganisha na aseniki ya kawaida, na kwa ulinganisho huo hawakusema uongo kabisa. Lakini jina la dawa lina nguvu yake. Linamtuliza hata anayeshika sindano.

Mwaka 1906 Robert Koch akatumwa na serikali ya Ujerumani kuja kushughulikia malale. Huyu si mtu mdogo: mwaka uliotangulia alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. (Ni yeye pia aliyeitangazia dunia mwaka 1890 kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, ambayo ilikuja kuonekana si dawa. Nalitaja hilo si kwa kumsimanga, ila tukumbuke kwamba hii haikuwa mara yake ya kwanza kuwa na haraka.) Alifikia Tanga, akapanda Amani kwenye milima ya Usambara, ambako Wajerumani walikuwa wameanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, kisha akaenda Mwanza. Upande wa Wajerumani hakukuta wagonjwa wa kutosha. Wa kutosha! Basi akaomba ruhusa kwa Waingereza, akavuka na watu wake hadi Sese, akapiga kambi kwenye kisiwa cha Bugala, na wagonjwa wakamjia kwa mitumbwi kutoka visiwani na hata bara. Idadi ikapita elfu moja.

Hebu tuwe waadilifu hapa. Watu hawakuburutwa kuja. Walikuwa wanakufa, wakasikia kuna daktari mwenye sindano, wakaja kwa miguu yao, na wengine walibebwa na ndugu zao. Na mwanzoni sindano ilifanya kazi. Koch alitoa nusu gramu chini ya ngozi, siku mbili mfululizo, akarudia kila baada ya siku saba hadi kumi. Vimelea vikatoweka kwenye tezi za shingo. Waliokuwa hawawezi kusimama wakasimama. Mimi ningekuwa mtu wa Sese mwaka ule, ningempeleka mama yangu.

Tatizo ni kwamba baada ya muda vimelea vilirudi. Hapo ndipo Koch alipofanya jambo ambalo kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angelifanya asipofundishwa: nusu gramu imefanya kazi nusu, basi gramu nzima itafanya kazi nzima. Akapandisha. Wagonjwa wakaanza kulalamika maumivu, kizunguzungu, kichefuchefu, tumbo kusokota. Na wagonjwa 22 wakapofuka, upofu usiorudi. Koch akashusha dozi.

Ishirini na wawili. Katika maandishi niliyosoma mimi sikukuta jina la hata mmoja wao.

Nataka nikae kidogo hapa, maana somo lote la mwezi wa kwanza wa famakolojia limo ndani ya tukio hili, na mwanafunzi akilielewa hili hasahau. Chora ubaoni mistari miwili. Mmoja ni faida ya dawa kadiri dozi inavyopanda, mwingine ni madhara. Mstari wa faida hupanda, halafu hufika mahali ukalala. Ukiongeza dawa, nafuu haiongezeki sana. Mstari wa madhara huanza kwa kuchelewa, ukalala chini kwa muda, halafu ukapaa. Nusu gramu ya atoksili ilikuwa tayari karibu na mahali ambapo mstari wa kwanza unalala na wa pili unaanza kupaa. Kuongeza mara mbili hakukuleta uponyaji mara mbili. Vimelea vilivyokuwa vikirudi vilijificha kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, ambako dawa ile haikufika vya kutosha, lakini mishipa ya fahamu ya macho ilifikiwa vizuri sana. Kwa lugha ya mtaani: risasi zilizidishwa, adui yuko chumba kingine, zikawapata wenye nyumba.

Na kuna jambo la pili, la ajabu zaidi. Ukichukua atoksili ukaimwagia tripanosoma ndani ya kichupa cha maabara, hazifi. Zinaogelea tu. Ukimpa mnyama mgonjwa, zinakufa. Ehrlich alikuja kulifumbua fumbo hilo: mwili wenyewe ndio unaoigeuza dutu hii kuwa aina nyingine ya aseniki, na hiyo iliyogeuzwa ndiyo inayoua vimelea. Leo tunawafundisha manesi jambo hilo kwa mfano wa kodeini, ambayo ini huigeuza kuwa mofini, na ndiyo maana mtu mmoja dozi fulani haimtulizi na mwingine dozi ile ile inamzidi. Mfano wa kodeini si mbaya. Lakini jambo lenyewe lilijulikana kwa njia ya malale.

Maana Ehrlich na Alfred Bertheim walikaa chini mwaka 1907 wakatambua muundo halisi wa atoksili, ambao kabla ya hapo ulikuwa umekosewa. Ukishaujua muundo unaweza kuubadilisha kipande kwa kipande, ukitafuta kilicho kikali kwa kimelea na kipole kwa mtu. Walitengeneza mamia ya dutu. Mojawapo, asasetini, iliwafanya panya wa maabara wazunguke zunguke kama wanaocheza ngoma, kwa sababu ya kuharibika kiungo cha mizani ndani ya sikio. Nayo ililetwa Afrika ikajaribiwa kwa wagonjwa wa malale, na macho yakapotea tena. Kwa kila dutu Ehrlich alipima vitu viwili, dozi ndogo kabisa inayoponya na dozi kubwa kabisa inayovumilika, akaweka moja juu ya nyingine. Huo ndio uwiano ambao leo kila nesi hufundishwa kwa jina jingine. Namba 606, iliyopimwa na Mjapani Sahachiro Hata mwaka 1909 na kuingia sokoni mwaka 1910 kwa jina la Salvarsan, ikawa dawa ya kaswende na ikawatibu watu wengi sana wa Ulaya. Vitabu vinaanzia hapo. Vinaanzia kwenye 606, kana kwamba namba zilizotangulia zilikuwa za hewani.

Sisemi kwamba wale 22 wa Sese ndio waliomfundisha Ehrlich. Alikuwa na panya wake na akili yake. Ninachosema ni kwamba dutu iliyokuwa mezani kwake ndiyo iliyokuwa ndani ya sindano za Bugala, kwa miaka ile ile, na habari za macho zilifika Ujerumani. Mwenye kufundisha nusu moja ya hadithi na kuiacha nyingine anafundisha hesabu isiyo na mwenye deni.

Upande wa Wajerumani palijengwa kambi za malale, kama ile ya Kigarama katika wilaya ya Bukoba na ile ya Shirati. Wagonjwa wakawa wanatoroka. Wakoloni waliandika kwamba wenyeji ni wajinga, hawajui faida ya tiba. Wajinga wapi! Mtu aliyemwona jirani yake akienda na macho na kurudi ameshikwa mkono ameshajua kitu juu ya dozi ambacho daktari bado anabishana nacho.

Niende haraka kidogo kwa yaliyofuata. Kiwanda cha Bayer kilitoa suramini, isiyo na aseniki, iliyoitwa mwanzo Bayer 205 na kisha Germanin. Friedrich Kleine, aliyekuwa na Koch Sese, akaijaribu Afrika kuanzia mwaka 1921. Wajerumani waliificha fomula yake, na Mfaransa Ernest Fourneau akaitegua na kuichapisha mwaka 1924. Naipenda suramini kwa kufundishia, maana ukimpa mgonjwa dawa hii leo, baada ya siku arobaini na zaidi nusu yake bado imo mwilini. Ndiyo maana hutolewa kwanza dozi ndogo ya kujaribu, ukamwangalia mgonjwa, ndipo ukatoa dozi kamili. Na dozi hiyo kamili ni gramu moja. Gramu ile ile iliyopofusha Sese, kwa dawa nyingine, ni ya kawaida. Mwanafunzi anayeniuliza "gramu moja ni nyingi au kidogo?" huwa namjibu kwa swali: ya nini?

Lakini suramini haivuki kuingia kwenye ubongo. Malale ikishafika kichwani, mgonjwa akaanza kulala mchana, kukesha usiku na kusema yasiyoeleweka, suramini haimfai. Kwa hao, Ernst Friedheim, Mswisi, alitoa mwaka 1949 dawa ya melarsoprol. Hiyo inaingia ubongoni. Na ni aseniki tena.

Mjomba wangu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa kwenye misitu ya miombo ya Urambo, na msimu wa asali alikuwa akikaa porini wiki mbili tatu. Mwaka 1984 alirudi na homa isiyosikia klorokwini. Mimi nilikuwa darasa la sita. Baada ya miezi michache alikuwa anasinzia na kijiko mkononi. Tulimpeleka hospitali, sitaitaja, wakampima damu, wakamtoa maji ya uti wa mgongo, wakasema ni malale na imepanda. Mama yangu alikwenda kumuuguza nami nikaenda naye kwa kuwa ilikuwa likizo.

Bomba la kioo nililiona hapo. Nesi alikuwa akilichemsha peke yake, mbali na mengine, na alipokuja kuchoma aliwafukuza watoto wote wodini ila mimi, sijui kwa nini. Alichoma kwenye mshipa, polepole sana, akimwambia mjomba asitikise mkono hata kidogo, maana dawa ile ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama. Mjomba alisema ni moto unapita. Plastiki za zile siku zilikuwa zinalegea zikigusana na kimiminika kile. Nesi hakuwa na kitabu cha kumweleza sababu, lakini alijua. Na baada ya kuchoma hakuondoka. Alikaa kwenye stuli akimsemesha: mizinga mingapi, asali ya mwaka huu inauzwaje, watoto wangapi. Nilidhani ni mpiga soga tu.

Wiki ya pili, asubuhi moja, mjomba alimjibu kwamba ana watoto tisa. Alikuwa nao watatu. Nesi akampima joto, akatoka, akarudi, akatoka tena. Mwenye mamlaka ya kusema sindano isimame hakuwapo siku ile, na karatasi ilisema sindano itolewe. Ilitolewa. Jioni mjomba alipata degedege, na alfajiri alikufa.

Nyumbani ilisemwa kwamba ugonjwa ulimshinda. Lakini nesi yule alimwita mama pembeni kabla hatujaondoka na mwili, na mimi nilikuwa nimeshika upindo wa khanga yake nikasikia. Alisema, "Dada, si ugonjwa. Ni dawa. Nilisema tungoje." Mama akamjibu, "Asante sista, Mungu ndiye anayejua," na njiani akaniambia manesi wengine wanapenda maneno.

Miaka kumi na mitano baadaye, nikiwa naandika tasnifu yangu huku, ndipo niliposoma kwamba melarsoprol iliua takribani mgonjwa mmoja katika kila ishirini waliopewa, kwa kuufanya ubongo wenyewe uumuke, na kwamba mara nyingi hutokea baada ya siku tano hadi kumi na moja za matibabu, na kwamba dalili za mwanzo ni homa mpya, kichwa, na mgonjwa kuanza kuchanganya maneno. Zikionekana, sindano husimamishwa. Nilifunga jarida nikatoka nje. Kwa haki, huenda mjomba asingepona hata sindano ile isingetolewa. Mimi ni mtu wa fani hii, siwezi kujidanganya. Na bila dawa angekufa kwa hakika, kwani malale ya aina ya kwetu haichukui miaka kuua, inachukua miezi. Ila swali la nesi, watoto wangapi, lilikuwa ndicho kipimo pekee cha ubongo kilichokuwepo wodini, na kilisoma sawasawa.

Sasa tangu yule mama wa Maniema aninyoshee mkono, mhadhara wa kwanza nimeubadilisha. Paracelsus nampa dakika mbili. Nachora ile mistari miwili, chini naandika gramu 0.5 na gramu 1, Bugala, 1906 na 1907, na idadi 22, kisha nawauliza: nani alipaswa kuwa wa kwanza kujua? Wengi hujibu daktari. Wachache huuliza nani alikuwa akiwapa wagonjwa chakula na maji. Hao wachache ndio ninaowatazama kwa miaka mitatu.

Kuna mwenzangu aliyeniambia kwamba nawatia manesi woga wa dawa. Nilimjibu kwamba marubani hufundishwa ajali na bado wanaruka. Mwingine, na huyu ni mwananchi mwenzetu, alisema tusiwape wazungu nafasi ya kutuonea huruma. Hilo nililifikiria zaidi. Lakini sioni huruma kwenye lile somo. Naona watu waliokuwa na macho na wakayatumia, wale watoro wa Kigarama pamoja na nesi wa hospitali ile.

Na hadithi ina upande mwingine, lazima niuseme. Mwaka 2018 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kuikubali fexinidazole, vidonge vya kumeza, kwa malale ya aina ya Afrika Magharibi na Kati, na mwaka 2023 ukaikubali pia kwa aina ya Afrika Mashariki, ile iliyompata mjomba. Majaribio makubwa ya kwanza yaliongozwa na Mkongo, Daktari Victor Kande, aliyewahi kuwachoma wagonjwa melarsoprol kwa miaka mingi na kuwaona wengine wakifa mikononi mwake. Majaribio ya aina ya kwetu yalifanyika Malawi na Uganda. Hakuna aseniki, hakuna bomba la kioo. Ni siku kumi za vidonge.

Yule mwanafunzi wangu wa Maniema alipokuwa mwaka wa tatu alichagua dawa hiyo kwa kazi yake ya mwisho. Alipokuja ofisini kuniletea alikuwa ameipigia mstari sehemu moja tu. Fexinidazole ikimezwa bila chakula haiingii kwenye damu vya kutosha kuponya. Kwa hiyo anayeitoa anatakiwa kuhakikisha mgonjwa amekula, kila siku, siku zote kumi. Nikamuuliza kwa nini sehemu hiyo. Akasema, "Si ndiyo kazi ya nesi, mwalimu? Kukaa pale mpaka amalize sahani."